Kisanduku Namba Tano

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwamba naogopa, hasha. Ni kwamba wenyewe walishaibadilisha jina mara nne, na kila mara ramani za zamani zilichomwa, kwa hiyo nikiitaja naweza kujikuta nimetaja nchi ya watu wengine. Itoshe kusema ilikuwa na mlima mmoja, reli mbili zilizokwenda mahali pamoja, na Kadi.

Kadi ndiyo iliyofanya reli ziwe mbili. Ilikuwa kipande cha karatasi ngumu, ukubwa wa sinia, chenye visanduku tisa vya rangi: vitatu juu, vitatu katikati, vitatu chini. Namba moja ilikuwa rangi ya maziwa yaliyotiwa maji, namba tisa rangi ya kahawa iliyochemka sana, na zilizobaki zilishuka ngazi kwa ngazi hapo katikati. Mtoto akitimiza miaka sita alipelekwa Wizara ya Mpangilio wa Watu, mkono wake ukalazwa juu ya Kadi, karani akainama, akaandika namba. Namba hiyo ndiyo iliyoamua atasoma wapi, atapanda reli ipi, atateka maji bomba gani, atazikwa upande upi wa makaburi na, jambo dogo, ataoana na nani. Wenye namba moja walikuwa wachache, nao ndio waliokuwa na nchi. Wenye namba tisa walikuwa wengi, nao ndio waliokuwa na kazi. Kadi ilikuwa moja tu, maana zikiwa mbili zingeweza kupingana.

Kadi hiyo aliitengeneza Gwakisa. Wengi hawalijui hili, au wanalijua wakaamua kulisahau, kwa sababu ni rahisi zaidi kumpenda mpigania haki ambaye hakuwahi kufanya kazi serikalini. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Gwakisa alikuwa fundi wa kuchanganya wino katika kiwanda cha uchapaji cha serikali, mtu mpole, umri miaka thelathini na minne, kucha hazitakati hata azisugue kwa mchanga. Kwa namba alikuwa nne. Jina lake limo hata ndani ya sheria. Waliokuwa wakiandika sheria walipiga simu kiwandani kuuliza cheo cha mtu anayechanganya wino, aliyepokea akajibu, "Gwakisa," na Bunge likapitisha kwa makofi kwamba Kadi ya Taifa itatengenezwa na Gwakisa, wala si mtu mwingine yeyote.

Sheria ilitaka pia kila kisanduku kichanganywe mbele ya kielelezo hai, yaani mtu mwenye rangi hiyo, amekaa juu ya kigoda, mkono umelala mezani. Kielelezo cha tano kilipatikana kwa karani kwenda kwenye foleni ya maji na kumchukua mtu wa tano. Alikuwa mshonaji wa nguo, jina lake Tusekile, na alifika amekasirika kwa sababu ndoo yake ilibaki bombani.

"Ndoo yangu ikipotea utanipa yako," alimwambia Gwakisa.

"Mimi ni wa wino tu, dada."

"Basi changanya upesi, wa wino."

Akachanganya upesi. Ilikuwa Ijumaa, saa tisa alasiri, na stoo ya kiwanda ilikuwa ikifungwa saa nane na nusu. Kopo la namba tano lilikuwa limekauka. Gwakisa akaushika mkono wa yule dada, akautazama, akalitazama kopo la namba nne lililobaki nusu, akautazama tena mkono. Akamimina.

Kamati ya wataalamu ilipoletewa Kadi ilisifu hasa tofauti iliyopo baina ya kisanduku cha nne na cha tano. Profesa mmoja aliandika kitabu juu ya tofauti hiyo. Juzuu mbili.

*

Ikaja kutokea kwamba Gwakisa anataka kumwoa Tusekile, na watu wa nne na wa tano hawakuruhusiwa kuoana. Akaandika barua ya heshima kwa Wizara, akaeleza kwamba kwa bahati nzuri hakuna kizuizi, kwani visanduku hivyo viwili vilitoka kopo moja, na yeye ndiye aliyemimina. Karani aliisoma barua yote, kisha akafunga dirisha.

Kesho yake Gwakisa alikwenda kwenye bomba la watu wa tano akanywa maji mchana kweupe. Alipoulizwa, alisema, "Sisi ni wa kopo moja." Wa nne na wa tano wakaanza kunywa pamoja. Wa sita wakauliza, na sisi je? Gwakisa, ambaye uongo haukuwahi kumkaa mdomoni, akawaambia kwamba kopo la sita lilikuwa lile lile la nne lililoongezwa kijiko cha masizi. Wa saba wakauliza vijiko vingapi. Ndani ya miezi mitano palikuwa na chama kilichoitwa Watu wa Kopo Moja. Wanachama wake walipanda reli zisizo zao, wakakaa kwenye mabenchi yasiyo yao, wakanywa maji popote yalipotoka, na Wizara ilitangaza kwamba nchi inakabiliwa na kiu ya hatari.

Asubuhi moja askari walifyatua risasi kwenye bomba la Kaskazini. Walikufa watu kumi na mmoja, ndoo mikononi. Wakazikwa katika pande sita tofauti za makaburi, kila mmoja kwa namba yake. Hapo sina mzaha wa kuweka.

Gwakisa na Tusekile walifungishwa ndoa na mchungaji mmoja wa namba saba, wakaishi mke na mume siku tisa. Siku ya kumi Gwakisa alichukuliwa. Hakushtakiwa kwa uhaini, maana uhaini ungehitaji ushahidi. Alishtakiwa kwa Kutaja Makopo, kosa lililotungwa asubuhi ile ile, na hakimu akampa kifungo cha maisha pamoja na ushauri kwamba apumzike.

*

Kwa kuwa kosa lilikuwa la rangi, adhabu nayo ilibidi iwe ya rangi. Waraka wa Magereza ulisema mfungwa huyu asione rangi ya aina yoyote mpaka atakapokufa. Chumba chake kikapakwa kijivu, sakafu kijivu, blanketi kijivu. Dirisha lilizibwa kwa bati kwa sababu anga lina rangi. Alipewa ugali na kabichi iliyochemshwa mpaka ikasalimu amri. Maharage yalijadiliwa miezi miwili, kisha yakakatazwa. Siku moja alijikata kidole kwenye ukingo wa sahani, akakaa akiitazama damu kwa furaha isiyo na kifani, akaandikiwa kosa la kumiliki rangi nyekundu bila kibali.

Aliyemwandikia ni Sajini Pongolani, askari magereza wa namba sita, mnene, mwenye watoto saba na mkasi mmoja. Huo mkasi ulikuwa wa barua. Gwakisa aliruhusiwa barua mbili kwa mwaka kutoka kwa mkewe, baada ya Sajini kuondoa kila neno lililotaja rangi. Hakuyafuta, aliyakata, kwa uangalifu wa fundi cherehani, na kila kipande alikitia ndani ya bahasha, maana kanuni ilisema kitakachoondolewa kwenye mali ya mfungwa kitunzwe na arudishiwe siku ya kutoka. Kwamba mfungwa wa maisha hatoki, hilo lilikuwa katika kanuni nyingine.

Kwa hiyo barua zilifika zimejaa matundu. Mojawapo, ya mwaka wa pili, Gwakisa aliijua kwa moyo.

"Mume wangu," iliandikwa, "mvua imenyesha na shamba lote ni (tundu). Mbuzi kazaa wawili, mmoja (tundu), mwingine (tundu) na (tundu). Nimepata kitambaa cha (tundu), sawasawa na ile (tundu) iliyokuwa kwenye kucha zako siku ulipoushika mkono wangu. Nimeshona gauni. Nitalivaa siku utakayotoka."

Gauni hilo likawa kazi yake. Kila siku baada ya uji alikaa chini, akafumba macho, akajaribu kukumbuka ni wino gani uliokuwa kwenye kucha zake Ijumaa ile. Tatizo la fundi wa wino ni kwamba huwa na wino wote. Siku nyingine alimvika Tusekile gauni la kijani, siku nyingine jekundu, na mwaka wa kumi na tatu aligundua kwamba nyekundu yenyewe haimjii tena akilini sawasawa. Inaanza, halafu inakwama. Siku hiyo alilia. Alikuwa amewahi kupigwa, kunyimwa maji na kutengwa miezi mitatu, na hakulia.

"Mzee, una nini?" Sajini aliuliza mlangoni.

"Nimepoteza nyekundu, Afande."

Sajini alifungua kitabu chake. "Nikiandika hivyo kwenye kitabu watadhani ulikuwa nayo," alisema, na hakuandika.

Kuonana na mke haikuwezekana. Mtu wa nne haruhusiwi kukutana na mtu wa tano isipokuwa kwa shughuli ya serikali.

*

Mwaka wa kumi na tisa mjukuu wa Waziri alipelekwa kupimwa. Alikuwa mtoto wa ukoo wa namba moja pande zote, waliokuja na merikebu ya kwanza. Karani akainama, akajikuna, akaandika tatu.

Wiki ile ile watoto wengine kumi na wanne wa namba moja walitoka wa pili na wa tatu. Waziri wa Mpangilio wa Watu alihutubia taifa. "Ndugu wananchi," alisema, "Kadi haikosei. Watoto wetu ndio wanaokosea." Akaagiza watoto wa namba moja wakae ndani, wanywe maziwa, na wasisimuliwe habari za jua. Baada ya miezi sita walipimwa tena, wakatoka wa tatu. Waziri mwenyewe akaenda wizarani kwa mlango wa nyuma, akalaza mkono wake juu ya Kadi. Akatoka wa nne. Inasemekana siku hiyo alirudi nyumbani na reli ya pili, kwa kufuata sheria.

Basi ikaja gerezani tume ya watu tisa, ikiongozwa na Katibu wa Wizara, Bwana Kasparo Vesti. Alikuwa namba mbili, mtu mrefu, mwenye hofu ya kudumu kwamba ni namba tatu. Kadi ilibebwa ndani ya fremu yake ya shaba, imefunikwa mahameli. Waliikalisha mezani, wakafunua.

Gwakisa hakuwa ameona rangi tangu kile kidole. Alisimama, na machozi yakamtoka yenyewe, na tume ikaandika kwamba mfungwa ameguswa na ukuu wa Kadi. Kisha akasogea, akainama, ufundi ukamrudia.

"Imepauka," alisema.

"Imefanya nini?"

"Hii imekaa wapi miaka yote?"

"Kadi ya Taifa hukaa dirishani," alisema Bwana Kasparo kwa fahari, "ili mwanga wa haki uiangukie."

"Huo mwanga umeila. Nipeni bisibisi."

Bisibisi ililetwa baada ya kura. Gwakisa alifungua skrubu nne, akainua fremu. Pembeni mwa karatasi, mahali ambapo fremu ilikuwa imefunika, palibaki ukanda wa upana wa kidole, na rangi ndani yake ilikuwa ile ile ya Ijumaa ya zamani. Nje ya ukanda, kila kisanduku kilikuwa kimefifia. Watu walioletwa kupimwa hawakubadilika hata kidogo. Ilipungua Kadi. Bwana Kasparo aliweka mkono wake taratibu penye ukanda wa namba mbili, akaangalia, akatafuta kiti.

"Kwa hiyo unaweza kuirudisha," alisema alipopata pumzi. "Unafuata ukanda."

"Vinane, ndiyo. Vilivyo pembeni. Cha tano kipo katikati, Bwana Katibu. Fremu haikukigusa. Cha tano kimekwenda."

Tume ikanong'ona. Kisha Bwana Kasparo akatoa karatasi. Gwakisa akitengeneza Kadi mpya, na namba nne na tano zikaonekana tofauti kama taifa lilivyozizoea, atatoka gerezani na kupewa nyumba katika mtaa wa watu wa nne. Ndoa yake, kwa kuwa ni ya nne na tano, itafutwa bila usumbufu kwake. Akikataa, atafia humu, na Kadi iliyopauka itaendelea kutumika, ila watoto wa namba moja watapewa misamaha.

"Nipeni mpaka Jumatatu," alisema Gwakisa.

"Mimi ningekubali, mzee," Sajini Pongolani alimwambia tume ilipokwenda zake. "Umechoka. Mtu anakuona tu anajua umechoka."

"Nimechoka, Afande. Sibishi."

Na kweli alikuwa amechoka. Alikuwa amechoka kiasi kwamba neno haki lilimfikia kama jina la jirani aliyehama zamani. Alijua vizuri kilicho mezani. Akishika kijiko, watoto wa wale waliokufa kwenye bomba la Kaskazini watapangwa mstari tena, kwa Kadi mbichi itakayodumu miaka thelathini mingine, na mkono utakaokuwa umewapanga ni wake. Asiposhika, hatalijua gauni. Alijaribu kujiambia kwamba la kwanza ni kubwa na la pili ni dogo. Siku tatu alijiambia hivyo, na la pili halikupungua.

Jumatatu alisema, "Nimekubali. Lakini sheria ifuatwe. Nataka kielelezo hai cha namba tano, yule yule."

*

Aliletwa Alhamisi, kwenye chumba cha kazi kilichoachiwa dirisha. Kanuni ilitaka kielelezo kivae shuka la kijivu, ili nguo zake zisiitie kazi dosari, kwa hiyo Tusekile aliingia amejifunga shuka la gereza, nywele zimeingia mvi, akichechemea kidogo mguu wa kushoto. Bwana Kasparo alikuwepo na rula, kuhakikisha baina yao kuna meza. Sajini Pongolani alikuwepo na kitabu, kuhakikisha wanazungumza kazi tu.

Tusekile aliketi, akalaza mkono mezani. Walitazamana. Miaka kumi na tisa ni mingi kuitazama kwa mara moja.

"Ndoo yangu ilipotea siku ile," alisema hatimaye. "Sikuwahi kukwambia."

"Nitakupa yangu."

"Ndoo ya gereza siitaki." Akamwangalia vizuri. "Umekonda, fundi. Umebaki macho."

"Mazungumzo ya kazi," alisema Bwana Kasparo.

Gwakisa akachukua mkono wake, kwa kuwa kazi ilitaka hivyo. Akachota wino huu, akaongeza ule, akakoroga, akapaka tone kwenye karatasi, akaliweka karibu na kifundo. Hakuwa anafanya hila. Nataka msomaji anielewe hapo, kwa sababu baadaye walisema alipanga yote tangu mwanzo, na wengine walimjengea sanamu kwa sababu hiyo. Alikuwa akifanya kazi kwa uaminifu wa fundi. Lakini kifundoni palikuwa rangi moja, juu kidogo ya kifundo rangi nyingine, palipochomwa na pasi zamani rangi ya tatu, na mawingu yalipopita nje, zote tatu zilihama. Kwenye Kadi ya kwanza alikuwa na haraka, na alikuwa kijana. Sasa alikuwa na muda, na aliona.

"Imepatikana?" Bwana Kasparo aliuliza jioni.

"Bado," alisema Gwakisa, na lilikuwa jibu la kweli.

Usingizi ulipokuwa ukimchukua ndipo alipoelewa ametamka nini.

*

Kesho ikawa bado. Keshokutwa bado. Kielelezo kikaamriwa kuja kila siku ya kazi, kwa gari la Wizara, mpaka kisanduku kipatikane. Kadi ya zamani ilikuwa imeshafunguliwa fremu, na kwa kifungu cha sheria ambacho tume ilikisoma baadaye, Kadi iliyofunguliwa ni batili, kwa hiyo hakuna mtoto aliyepimwa. Waliofika miaka sita waliambiwa wasubiri. Shule zikauliza, wapite mlango upi? Wizara ikajibu, kwa muda, wapite wowote. Maneno hayo "kwa muda" yalipigwa chapa yakabandikwa kwenye kila shule, na mwaka ulipokwisha yakapigwa chapa tena.

Kutafuta fundi mwingine hakukuwezekana, maana sheria ilisema Gwakisa. Kubadili sheria kulihitaji Bunge, na wabunge hukaa kwa namba, na namba zilikuwa zimeingia shaka, kwa hiyo kila kikao kiliisha kwa kugombea viti.

Gwakisa alipelekewa barua za onyo kwa uzembe. Alizipokea kwa mikono miwili.

Mwaka wa pili wa kazi Bwana Kasparo, akiwa amechoka yeye naye, na Waziri akimpigia simu kila asubuhi, alikaa kwenye kona ya meza akafuta jasho. "Sikiliza, mzee," alisema. "Hii kazi tuimalize. Kwani ukichukua tu hiyo ya namba nne ukaweka pale katikati, nani ataona tofau..."

Akanyamaza. Alikuwa ametaja makopo. Kalamu ya Sajini Pongolani ilisimama juu ya kitabu, na wino wake ukaanza kukusanyika kwenye ncha. Bwana Kasparo Vesti alimtazama Sajini, akamtazama Gwakisa, na uso wake ukapita visanduku kama vitatu kwa mpigo.

"Sikusikia," alisema Gwakisa. "Masikio yangu siku hizi."

"Na mimi nilikuwa napiga chafya," alisema Tusekile.

Sajini aliandika: kielelezo kimepiga chafya. Tangu siku hiyo Bwana Kasparo hakuharakisha kazi tena. Alileta gazeti, akakaa dirishani, na saa nne aliagiza chai. Vikombe vinne.

Siku moja, gazeti likiwa limemfunika Bwana Kasparo uso, Gwakisa aliuliza kwa sauti ndogo, "Lile gauni. Lilikuwa la rangi gani?"

"Sikwambii."

"Tusekile."

"Sikwambii, fundi. Nikikwambia utaridhika, na ukiridhika utanifia humu ndani. Toka ulione."

Hakumwambia. Miaka sita alikuja na kurudi na shuka lake la kijivu, mguu ukizidi kuuma, na hakumwambia.

*

Serikali haikuangushwa na mtu. Ilichoka. Watoto wasio na namba walifika darasa la sita, wakipita mlango mmoja, na walipofundishwa habari za visanduku walicheka wakidhani mwalimu anatania. Reli ya kwanza iliharibika daraja, abiria wake wakahamia reli ya pili kwa muda. Halafu jioni moja Waziri alisema redioni kwamba Serikali hii haijawahi kupenda visanduku, kwamba imevipinga kimyakimya kwa miaka mingi kwa gharama kubwa ya nafsi, na kwamba kuanzia kesho ni kosa kuvitaja. Bwana Kasparo aliteuliwa Mwenyekiti wa Tume ya Maridhiano. Yule profesa alitoa juzuu ya tatu.

Wale kumi na mmoja wa bomba la Kaskazini hawakutajwa. Bado wamelala pande sita.

Kuhusu Gwakisa palikuwa na ugumu. Kusema anaachiliwa kwa haki kungezusha swali kwamba alifungwa kwa nini. Kwa hiyo karatasi ilisema kwamba, baada ya kushindwa kukamilisha kazi ya Serikali kwa miaka sita, mfungwa ameondolewa gerezani kwa uzembe. Aliweka sahihi. Alikuwa na miaka hamsini na tisa.

Sajini Pongolani alimpeleka mpaka chumba cha mapokezi, akafungua kabati, akatoa bahasha iliyovimba. "Mali yako, mzee. Maneno yako yote yamo. Sikupoteza hata moja." Kisha, bila kumwangalia, "Niliyakata vizuri. Hayakuchanika."

"Najua, Afande. Matundu yalikuwa mazuri."

Tusekile alikuwa amekaa kwenye benchi la mapokezi. Amelivaa. Lilimbana mabegani na kulegea kifuani, maana lilishonwa kwa mwili wa mwanamke mwingine, wa zamani, lakini amelivaa. Gwakisa alisogea polepole, macho yamekaza, na kadiri alivyokaribia ndivyo alivyoona kwamba halina rangi. Si kijivu, si jeupe. Lilikuwa limechujuka lote, kifua, mikono, mgongo, likabaki kitambaa tu.

"Nilikuwa nalianika kila Jumamosi," Tusekile alisema haraka. "Lisiliwe na nondo. Nilitaka ulikute zima. Sikuona likipungua, fundi. Nilikuwa nalo kila wiki, sikuona."

Gwakisa alipiga magoti mbele ya benchi, kwa shida, goti moja kwanza, kisha la pili. Alishika upindo wa gauni, akaupapasa kwa kidole gumba.

"Afande," alisema, "nisaidie mkasi."

Sajini alimpa. Kwa ncha ya ule ule mkasi Gwakisa alikata uzi wa kwanza wa upindo, kisha wa pili, wa tatu, akakunjua taratibu, upana wa kidole. Ndani, mahali ambapo jua halikuwahi kufika, rangi ilikuwepo. Ilikuwepo yote. Aliitazama mpaka macho yakamuuma, na Ijumaa ile ikamrudia, na kucha zake, na ndoo iliyoachwa bombani.

"Zambarau," alisema, kwa sauti kubwa.

Sajini Pongolani, kwa mazoea ya miaka ishirini na mitano, alinyoosha mkono kudai mkasi.

"Mrudishie mkasi wake, fundi," alisema Tusekile, akimshika bega amwinue. "Twende nyumbani. Mguu unaniuma."